Nguo Iliyokuwa Fedha: Puge, Unyanyembe na Hesabu ya Mpagazi

Vitabu vya uchumi vinavyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, asiye mwanafunzi wa somo hilo, vina kisa kimoja ambacho hurudiwa kizazi baada ya kizazi, nacho ni kisa cha watu wa zamani waliobadilishana mali kwa mali, mwenye nyama akimtafuta mwenye mkate na mwenye mkate akimtafuta mwenye nyama, hadi walipochoshwa na usumbufu huo wakabuni fedha. Adam Smith alikieleza katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1776, ambamo hata chumvi ya Uhabeshi ilitajwa kuwa mfano wa bidhaa iliyotumika badala ya sarafu. Na karne mbili na zaidi baadaye, mwaka 2011, mwanaanthropolojia David Graeber alikipinga kwa nguvu katika kitabu chake kuhusu historia ya deni, akidai kwamba jamii iliyoishi kwa kubadilishana mali kwa mali peke yake haijapata kuonekana popote, na kwamba kukopeshana kulitangulia sarafu. Mabishano hayo yamesomwa na watu wengi duniani, lakini ni nadra kupimwa kwa ushahidi wa Afrika Mashariki, ilhali ushahidi huo upo, na sehemu yake kubwa imelala Unyamwezi, katika njia za misafara zilizokutana Tabora.

Puge ni mahali panapofaa kuanzia. Leo ni kata ya wilaya ya Nzega, iliyo kiasi cha nusu ya njia kwa mtu anayetoka Tabora kwenda Nzega mjini, katika nchi ya mashamba na malisho ambako Unyamwezi unaelekea kukutana na Usukuma. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 viliiangalia zaidi njia kuu ya mashariki na magharibi, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, nchi ya kitemi yenye Tabora ndani yake, ikafika Ujiji. Lakini Unyanyembe haukuishi kwa njia moja. Kulikuwa na mishipa ya kaskazini pia, upande wa Puge, iliyoleta majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Walongo, ng'ombe wa Usukuma, na pembe za ndovu kutoka Karagwe na Buganda, na ni upande huo ambao John Hanning Speke aliufuata alipotoka Kazeh, yaani Tabora, mwezi Julai 1858, akaliona ziwa Nyanza mapema Agosti. Kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kujenga nyumba Tabora, jambo ambalo kwa maelezo ya Richard Burton lilitokea mnamo 1852, watu wa nchi hii walikwisha kuwa na biashara yao ya chumvi ya Uvinza, ya majembe na ya mifugo, na walikwisha kuteremka pwani wenyewe na pembe zao mabegani. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi, na mtu akilisahau jambo hilo, historia yote ya uchumi wa bara huanza kichwa chini.

Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hiyo. Kipimo chake cha msingi kilikuwa shuka, yaani kipande cha mikono 4, mkono ukihesabiwa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shuka 2 zilifanya doti moja, iliyokuwa kiasi cha yadi 4. Na doti zilikatwa kutoka kwenye jora, ambalo ni kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani. Nguo iliyopokelewa karibu kila mahali ni ile nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Salem, ikaitwa merekani kwa jina la nchi ilikotoka. Baada yake ilikuja kaniki, nguo nyembamba iliyotiwa nili, na juu ya hizo zilikuwapo nguo za rangi na za mistari, za Maskati na za Bara Hindi, ambazo watemi na wakubwa wengine walizitaka kwa sababu hazikuvaliwa na kila mtu.

Hesabu ya fedha hiyo imehifadhiwa vizuri katika kitabu kimoja kilichosomwa mno zama zake, kile ambacho Henry Morton Stanley alikitoa mwaka 1872 kueleza jinsi alivyompata Livingstone. Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa, mwaka 1871, aliwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu watu 100 hula nguo kiasi gani kwa siku, akajibiwa doti 10. Naye akaona inafaa kununua doti 2,000 za merekani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi, jumla doti 3,650, ambazo ni sawasawa na siku 365 zikizidishwa kwa 10. Kwa kiwango hicho shuka moja ilinunua chakula cha watu 5 kwa siku moja. Mtu aliyesafiri siku 100 alikula doti 10, na kwa kuwa jora la merekani alilolinunua Stanley lilikuwa la yadi 30, yaani doti 7 na nusu, mtu huyo alimaliza jora zima na theluthi ya jora la pili kabla hajalipwa ujira wowote. Hapo ndipo fedha ya nguo ilipotofautiana kabisa na dhahabu au noti, kwa sababu ilikuwa nzito, ilihitaji mabega ya kuibeba, na kila bega lililoibeba lilikuwa na tumbo ambalo lililishwa kwa kuikata fedha yenyewe. Msafara uliochelewa njiani, kwa mafuriko au kwa vita, uliila akiba yake ukiwa umekaa tu.

Shanga zilifanya kazi ya fedha ndogo. Stanley mwenyewe aliandika kwamba shanga zilisimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha nyeupe, na waya wa shaba nyeupe ulihesabiwa kuwa dhahabu katika nchi za ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Lakini chenji hiyo ilikuwa na mipaka mikali. Sami-sami, shanga nyekundu, zilipokelewa Unyamwezi ambako za rangi nyingine zilikataliwa. Zile nyeusi zilizoitwa bubu zilifaa Ugogo na hazikuwa na thamani kwingine. Na zile kubwa zilizofanana na mayai ya ndege, zilizoitwa sungomaji, zilitakiwa Ujiji na Uguha tu. Msomaji wa vitabu vya uchumi vya siku hizi hukutana na wazo kwamba fedha haina thamani ndani yake bali hupokelewa kwa kuwa mpokeaji anaamini mwingine ataipokea kesho, na wazo hilo huelezwa kana kwamba limezaliwa na noti za karatasi. Mfanyabiashara aliyefika Unyanyembe na magunia ya bubu yaliyobaki Ugogo alikwisha kulijua kwa hasara yake: shanga zilikuwa zile zile, zenye rangi ile ile, lakini imani iliyozifanya kuwa fedha ilikoma mpakani.

Kipimo nacho kilikuwa na walakini wake, na inafaa kukitazama kwa karibu. Kitambaa kinatandazwa, mtu anaweka kiwiko kwenye ukingo, anaunyoosha mkono, anashika palipoishia ncha ya kidole, anahamisha kiwiko hapo, na baada ya mara nne shuka imetimia. Kwa hiyo urefu wa fedha ulitegemea mwili wa mpimaji. Mwenye kulipa alikuwa na kila sababu ya kupima mwenyewe ikiwa ni mfupi, na mwenye kupokea alikuwa na kila sababu ya kumleta mtu mrefu wa kijijini kwake. Tofauti ya vidole viwili katika kila mkono ni tofauti ya vidole vinane katika shuka, na katika malipo ya shuka mia ni nguo ya kumvika mtu na kubaki. Majadiliano marefu ambayo wasafiri wa Kizungu waliyaandika kwa kuchoka na kwa dharau, wakiyaita upotezaji wa wakati, yalikuwa majadiliano juu ya uzito wa sarafu, jambo ambalo katika nchi zao lilikuwa limekabidhiwa serikali na mizani yake.

Hata vita vya mbali viliitikisa fedha hiyo. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865, pamba ya majimbo ya kusini haikufika viwandani kama zamani, merekani ya kweli ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia kuchukua nafasi yake. Jina halikubadilika. Nguo ya Bombay ikaitwa merekani kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya fedha, na mpaka leo fundi cherehani anayetaka kitambaa kizito cheupe kisichotiwa rangi huomba amerikani bila kuulizwa kimetoka wapi.

Hata hivyo, jambo lililo zito kuliko fedha ni kazi, na hapa ndipo vitabu vingi vilipomkosea mpagazi. Picha iliyoenezwa na maandishi ya wapinga utumwa wa Ulaya ilikuwa ya mtumwa aliyebebeshwa pembe hadi pwani, kisha akauzwa yeye pamoja na pembe yake. Watumwa walikuwapo katika njia hiyo, na mateso yao hayana haja ya kupunguzwa. Lakini uchunguzi wa wanahistoria kama Abdul Sheriff, na hasa Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya njia ya kati ilibebwa na watu huru walioajiriwa, wengi wao Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira na kwa masharti yaliyojulikana. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila 2, frasila moja ikiwa ratili 35 hivi, au kilo 16. Pembe kubwa isiyobebeka na mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Juu ya ujira wake mpagazi alidai posho, yaani riziki ya kila siku, iliyohesabiwa kwa kibaba cha nafaka au kwa nguo na shanga za kununulia nafaka hiyo. Na mzigo ulioongezwa bila mapatano uliwekwa chini.

Mapatano hayo hayakuwa ya mtu mmoja mmoja. Wapagazi walipanga safari kwa makundi ya watu waliopika chungu kimoja na kulala pamoja, wakawa na mnyampara wao aliyesema kwa niaba yao, na mbele ya wote alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, ambaye mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa msafara. Wakigoma, waligoma pamoja. Burton, aliyetumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, alikofika tarehe 7 Novemba 1857, alijaza kurasa kwa malalamiko juu ya wapagazi waliotoroka, waliokataa kusimama hapa au waliotaka kusimama pale, mambo aliyoyaona kuwa ukaidi wa tabia. Kurasa hizo zikisomwa kwa jicho la uchumi, zinaonyesha soko la kazi ambalo mwajiri hakulimiliki: wapagazi wazuri walikuwa haba, misafara iliwagombania, na mwenye kitu kinachogombaniwa huweka masharti. Kalenda pia ilikuwa yao. Walipendelea kusafiri wakati wa kiangazi baada ya mavuno na kurejea kabla ya mvua za kulimia, na msafara uliotaka kuondoka Unyanyembe katika msimu wa kilimo ulilazimika kulipa zaidi au kungoja.

Ujira uliporudi nyumbani, katika vijiji vya Unyanyembe na vya kaskazini yake, ulifanya kazi mbili zisizolingana kwa wema. Ulinunua majembe, ng'ombe na mahari, ukawawezesha vijana kuoa bila kungoja mkono wa wazee. Lakini sehemu yake ilinunua pia watumwa, ambao waliwekwa mashambani kulima pamoja na wanawake waliobaki, ili wanaume waweze kwenda safari. Uhuru wa mpagazi barabarani uliegemea, kwa kiasi fulani, kutokuwa huru kwa mwingine aliyeshika jembe nyumbani kwake. Mwandishi yeyote anayetaka kumsifu mfanyakazi huyo, naye anastahili sifa, anapaswa kulibeba na hilo.

Juu ya nguo na kazi kulikuwa na deni, na katika hili hoja ya Graeber inapata nguvu, kwa kuwa pembe nyingi zilizopita Tabora zilikuwa zimekwisha kuuzwa kabla tembo hajauawa. Mfanyabiashara wa msafara alichukua bidhaa Unguja kwa mali kauli, yaani alipewa mali kwa neno lake na kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, kutoka kwa matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, aliyemdhamini Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, au kutoka kwa nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi pia ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Riba ni haramu katika Uislamu, na kwa sababu hiyo mara nyingi faida ya mkopeshaji haikutajwa kwa jina bali iliwekwa ndani ya bei, nguo ikihesabiwa ghali siku ya kukopa na pembe ikihesabiwa rahisi siku ya kulipa. Na kadiri tembo walivyopungua Unyamwezi na wawindaji wakasogea ng'ambo ya Tanganyika hadi Manyema, miaka ya kungoja iliongezeka na bei ya uaminifu ikapanda nayo. Dhamana ya mikopo hiyo ilikuwa ukoo na sifa. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, ameeleza kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, aliyeishi Tabora, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Na ndoa kama hiyo ilimpa mfanyabiashara usalama ambao hakuna karatasi ya Unguja ingeweza kuuandika.

Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Unguja ya watumwa, karafuu na pembe, ameonyesha jambo lililoifanya biashara hiyo kuvutia mitaji kwa muda mrefu hivyo: katika karne ya 19 bei ya pembe sokoni Unguja ilipanda mfululizo, huku bei ya nguo za viwandani ikielekea kushuka, kwa kuwa Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa ajili ya vibonye vya piano na mipira ya biliadi, na mashine zao zilifuma nguo kwa gharama ndogo zaidi kila mwongo. Wanauchumi huuita uhusiano kati ya bei ya kinachouzwa na bei ya kinachonunuliwa uwiano wa biashara, na kwa kuutazama uwiano huo peke yake mtu angesema kwamba Afrika Mashariki ilikuwa ikipata faida. Swali ni nani aliyepata. Faida iliyozaliwa kati ya mistari miwili hiyo, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, iliishia zaidi mikononi mwa waliokaa katikati, Unguja na Bombay, na kidogo tu ilibaki bara, nayo ikagombaniwa.

Ugomvi huo ndio historia ya siasa ya Unyanyembe. Watemi walitoza hongo, malipo ya nguo kwa msafara uliopita nchini mwao, na wasafiri waliiita unyang'anyi; lakini Ugogo, ambako maji ni ya kuchimba, hongo ilikuwa pia bei ya kisima na ya usalama, na mtu anayelipa ushuru wa barabara leo hawezi kuidharau kwa haki. Mtemi Manua Sera, aliyemrithi Fundikira, alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Tabora, hao walimwondoa kwa bunduki mnamo 1860 wakamweka Mkasiwa, na Manua Sera akapigana nao porini hadi alipouawa mwaka 1865. Mirambo wa Urambo alifanya zaidi: mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na vita vyake na Waarabu wa Tabora vilidumu miaka kadhaa. Anapoonyeshwa kama mharibifu wa biashara hutendewa isivyo haki, kwa kuwa alichokitaka ni biashara ipite mikononi mwa wenyeji. Alipokufa, Desemba 1884, dola yake haikudumu.

Walter Rodney, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1972 kueleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na pengine hakuna kitabu cha uchumi kilichosomwa kwa hamu zaidi nchini Tanzania. Hoja yake juu ya mali iliyotoka nje bila kuzaa viwanda ndani inaafikiana na alichokionyesha Sheriff. Lakini njia ya Unyanyembe inaongeza jambo ambalo hesabu ya bidhaa peke yake hailionyeshi, nalo ni kwamba kilichopotea hakikuwa pembe tu. Kilipotea pia chombo ambacho watu wa bara walikuwa wamekijenga wenyewe, yaani soko la kazi lenye desturi zake za ujira, posho, mnyampara na haki ya kuuweka mzigo chini.

Kuporomoka kwake kulikuwa kwa haraka. Wajerumani waliingia Tabora mwaka 1890, na Mtemi Isike wa Unyanyembe akajilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kushikwa. Kodi ya kibanda iliyotangazwa mwaka 1897 ilidai rupia, na asiyekuwa nazo alitakiwa kuzitafuta katika kazi ambayo hakuipangia masharti. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya ziwa Nyanza ilivutwa upande huo. Reli ya kati ikaingia Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ikapitia Mambali na Bukene, ikaiacha Puge kando. Wajukuu wa wapagazi wakaandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Tabora ilipata kufua fedha yake mara moja. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na bahari imefungwa, walitengeneza sarafu katika karakana ya reli, za shaba na pia za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, hizi za dhahabu zikiwa za rupia 15 kila moja, zenye sura ya tembo, kiasi cha 16,000. Na tarehe 19 Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji likauteka mji. Vita hiyo iliwarudisha wapagazi barabarani kwa mamia ya maelfu, pande zote zikiwakusanya kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Safari hii hapakuwa na mapatano. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilikuwa na kambi Dar es Salaam, na jina lake la Kiingereza, likitamkwa na Waswahili, likawa Kariakoo. Katika maduka ya Kariakoo khanga huuzwa hadi leo kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na mwenye duka huzikata kutoka kwenye jora.